Mchanga au mawe? Kuchagua vijiti vya kugumisha zana za kulimia bila kuumiza mfuko

Mwezi wa pili, masika ikiwa bado haijaanza, mzee mmoja wa Mkuranga alishuka mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na kiroba begani. Alikitua mbele ya karakana yetu, akakifungua, akatoa ncha sita za ripa, lile jembe la trekta la kupasua ardhi, na kuzipanga chini kwa mstari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu tazama kazi yako."

Nilikuwa nimezichomelea ncha zile wakati wa vuli ili kugumisha uso wake, kwa vijiti vya kuchomelea nilivyouziwa dukani kwa maelezo kwamba ndivyo vigumu kuliko vyote. Zilitoka kwangu zikiwa nene kama kidole gumba. Sasa zilikuwa nyembamba kama ukucha, na pale nilipochomelea palikuwa pamelika laini, panang'aa kama kijiko. "Siku nne," mzee akasema. "Zile za mwanzo, ambazo hazikuchomelewa chochote, zilinipeleka siku tatu. Mwanangu, umeniuzia siku moja kwa pesa ya ncha mpya."

Alipoondoka nilivuta boksi la vile vijiti na kusoma maandishi yote, mpaka yale madogo ya pembeni. Paliandikwa EFeMn. Vijiti havikuwa feki wala havikuwa vibovu. Vilikuwa vijiti vizuri vya kazi nyingine kabisa, na mimi ndiye niliyevipeleka mchangani. Tangu siku hiyo fundi au mkulima akiniuliza kijiti kipi ni kigumu na cha bei nafuu, kwanza namuuliza yeye: zana yako inaliwa na nini?

Hizo herufi Mn ni manganizi, aina ya metali inayochanganywa na chuma. Chuma cha manganizi kiligunduliwa na Robert Hadfield wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1882, na kina tabia ya pekee. Kikitoka motoni ni laini, kama 200 kwa kipimo cha ugumu cha Brinell. Kinapogongwa ndipo uso wake unapokaza, mpaka unafika 500 hivi. Ndiyo maana kinafaa kwenye taya za mashine za kuvunja mawe na kwenye makutano ya reli, ambako kila dakika kuna kitu kizito kinakipiga. Lakini mchanga wa Mkuranga haupigi, unasugua. Ncha za yule mzee hazikupata pigo hata moja la kuzikaza, kwa hiyo zilisuguliwa zikiwa na ulaini wao ule ule wa kutoka motoni.

Mashamba mengi yanayotuzunguka, kuanzia Kigamboni hadi Mkuranga na sehemu kubwa ya Kisarawe, ni kichanga. Punje nyingi za mchanga huo ni kwatzi, na kwatzi ni gumu kuliko watu wanavyodhani. Kwa kipimo kingine cha ugumu, cha Vickers, kwatzi hufika 1,000 na kupita. Chuma cha kawaida cha nondo au bamba huwa karibu na 200 au chini yake. Hata chuma cha springi kilichopikwa vizuri au kisu kizuri kwa kawaida hakivuki 800. Maana yake ni kwamba kila punje inayopita kwenye ncha ya plau inachora mfereji mdogo, na punje zinazopita kwenye eka moja hazina idadi. Ili mchanga ushindwe, ndani ya chuma panatakiwa pawe na kitu kigumu kuliko kwatzi yenyewe.

Kitu hicho ni kabaidi. Kaboni ikikutana na metali ya kromiamu kwa wingi kwenye moto wa kuchomelea, huzaliwa punje za kabaidi ya kromiamu zenye ugumu wa 1,500 na zaidi kwa kipimo hicho hicho. Fikiria zege. Saruji peke yake unaweza kuikwangua kwa msumari, lakini ikishikilia kokoto, msumari unakula saruji kidogo kisha unagonga kokoto na kukwama. Mstari uliochomelewa kwa kijiti cha kromiamu nyingi ni zege la namna hiyo: chuma ndiyo saruji, kabaidi ndizo kokoto. Mchanga unakula saruji kidogo, halafu unakutana na kokoto usizoziweza.

Hapo ndipo namba za kwenye boksi zinapowapoteza wengi, na kuna mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni 60 ya 6013, kijiti cha kawaida cha kuungia chuma, kama mwenzake 7018. Nimeshawasikia vijana wakisema 7018 ni ngumu kuliko 6013 kwa kuwa 70 ni kubwa kuliko 60. Namba hizo mbili za mwanzo zinataja nguvu ya kuvutwa, yaani pauni 60,000 au 70,000 kwa inchi moja ya mraba kabla chuma hakijakatika. Hazitaji ugumu wa kustahimili kusuguliwa. Vijiti vyote viwili huacha chuma laini, na mchanga hautofautishi kimoja na kingine.

Mtego wa pili ni mzito zaidi, kwa sababu unawanasa hata mafundi wazoefu. Dukani unaweza kukuta maboksi mawili, yote yameandikwa ugumu 60 kwa kipimo cha Rockwell, ambacho namba zake ni tofauti na za Vickers, moja likiwa na bei karibu mara mbili ya jingine. Mtu mwenye akili timamu huchukua la bei ndogo, maana 60 ni 60. Ila ile 60 inapimwa kwa kubonyeza uso mzima, saruji na kokoto pamoja. Haikuambii kama ndani mna kokoto. Kijiti kimoja kinaweza kufika 60 kwa chuma kilichokaza chote sawasawa bila kabaidi za maana, na kingine kikafika 60 hiyo hiyo kwa kabaidi tele. Kwenye mchanga hivyo viwili si ndugu hata kidogo.

Utavitofautishaje? Soma mfumo wa namba kwenye boksi. Maboksi mengi bado yana namba za mfumo wa zamani wa Ujerumani, DIN 8555, na ni rahisi kuzielewa ukishaonyeshwa mara moja. Chukua mfano wa E 10-UM-60-GR. Namba ya mwanzo, 10, ndiyo kabila la chuma chenyewe: kaboni nyingi na kromiamu nyingi, lile zege letu. UM inasema kijiti kimevikwa unga. 60 ni ugumu. G inasema kinastahimili kusuguliwa, R kwamba hakishiki kutu upesi. Ukiona E 6-UM-60, ugumu ni ule ule lakini kabila ni la 6: kromiamu ya wastani, kaboni kidogo, chuma kilichokaza bila kokoto. Na ukiona kabila la 7 pamoja na herufi K, hiyo ndiyo manganizi inayokazwa kwa kupigwa, ile iliyoniaibisha mbele ya mzee wa watu. Kwa mfumo wa Kimarekani tafuta EFeCr kwa kromiamu na EFeMn kwa manganizi. Boksi likiwa halina mfumo wowote, lina picha ya trekta tu na neno la kusifia, mimi silichukui hata kwa bei ya kutupa.

Usidhani kabila la 6 ni la kudharauliwa. Kokoto za kabaidi ni ngumu lakini hazipendi kupigwa, zinabanduka vipande. Shamba jipya lililofyekwa juzi, lenye visiki na mawe yaliyojificha, litavunja ncha iliyojaa kromiamu kama linavyovunja sahani ya udongo. Huko kabila la 6 linastahimili zaidi, linachukua pigo na bado lina ugumu wa kutosha. Kwa hiyo kichanga kisafi, kabila la 10. Mchanga uliochanganyika na mawe na visiki, la 6. Manganizi waachie wenye mashine za kokoto. Kwenye mbuga nyeusi ya bonde la Ruvu, mahali pa mpunga, mara nyingi huwa nawaambia wakulima wasigumishe kitu. Udongo ule unasugua kidogo kuliko mchanga, unanata mno, na mabonde kati ya mistari ya kuchomelea yanaushika udongo mpaka plau linakuwa tope tupu.

Sasa tuingie kwenye pesa, maana ndiyo iliyomleta mtu dukani. Bei ya kijiti sio gharama ya kazi. Nitaweka tarakimu za mfano, wewe uweke za siku yako. Tuseme ncha moja inakula vijiti vinne. Cha kawaida tukiweke shilingi 200 na cha kromiamu shilingi 1,500. Ufundi pamoja na kufungua na kufunga ncha ni 5,000 kwa vyote viwili. Ncha ya kijiti cha kawaida inagharimu 5,800, ya kromiamu 11,000. Ukiishia hapo, kromiamu ni hasara. Lakini ya kawaida ikilima eka 5 na ya kromiamu ikilima eka 15, ya kwanza ni shilingi 1,160 kwa eka na ya pili 733. Igeuze sasa: ya kromiamu ikivunjika kwenye mawe baada ya eka 8, inakuwa 1,375 kwa eka, na umeipoteza pesa yako kwa kununua kitu kizuri. Na hapo sijaihesabu trekta iliyosimama shambani huku dereva akilipwa na mvua ikipita.

Unafuu mkubwa zaidi, kwa macho yangu, hautoki kwenye kubishana bei ya boksi. Unatoka kwenye kutumia kijiti cha gharama pale tu kinapohitajika. Ncha iliyolika sana ijazwe kwanza kwa 7018 mpaka irudi kwenye umbo lake, kisha juu ya makali pekee upite tabaka moja au mawili ya kromiamu. Watu hujaza ncha nzima kwa kijiti cha ghali, tabaka nne, tano, na baadaye kipande kizima kinabanduka. Vijiti vya kabila la 10 vingi vina kikomo cha tabaka mbili au tatu. Zaidi ya hapo unatengeneza mzigo wa kuanguka.

Lakini pia usiishie tabaka jembamba lililochomwa kwa moto mkali. Tabaka la kwanza huchanganyika na chuma cha chini, na ukiweka ampea nyingi unayeyusha chuma laini kingi mno ndani ya kromiamu uliyoilipia. Ni kama kuongeza maji kwenye juisi. Shusha ampea hadi pale ambapo kijiti bado kinawaka bila kunata. Kwa kijiti cha milimita 3.2 mimi huanzia ampea 100 hivi, napanda taratibu, na ukanda ulioandikwa kwenye boksi ndio mwongozo. Hapo pia angalia mashine yako. Mashine ndogo ya kuchomelea ya inveta, tena kwenye laini ya umeme dhaifu, itaiweza 3.2 na itateseka na 4.0. Mwenye mashine ya transfoma ya kienyeji asome kama kijiti kinakubali umeme wa AC, na volti ngapi kinataka kabla ya kuwaka, maana wengine wamenunua vijiti vizuri vikaishia kuzimika kila sentimita mbili.

Jambo moja kuhusu vijiti vyenyewe sikuambiwa na mtu kwa miaka mingi, na linafaa lijulikane kwa kila mnunuzi. Kata kijiti cha kugumisha katikati ukitazame: vingi vina waya wa chuma cha kawaida ndani. Kromiamu na kaboni zimo kwenye ule unga wa nje. Unga ukibanduka, kile kipande ulichokishika ni waya wa chuma laini kwa bei ya kromiamu. Kwa hiyo boksi lililoangushwa, lenye unga umemwagika chini, usilichukue kwa punguzo. Fungua kabla ya kulipa, toa kijiti kimoja, kitazame kuanzia kichwani mpaka kwenye mkia wa kushikia. Ndiyo sababu pia kijiti cha namna hii ni kinene kwa nje na kizito, unapata vichache kwa kilo moja kuliko vya 6013. Hesabu vijiti, usihesabu kilo peke yake.

Unga huo huo unanywa maji. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwaka mzima, na boksi lililofunguliwa mwezi wa nne likaachwa kwenye shelfu mpaka mwezi wa kumi halina tofauti na sifongo. Unyevu huleta haidrojeni ndani ya chuma kilichoyeyuka, na chuma chenye kaboni nyingi kama diski ya haro, ile zana ya visahani ya kusaga mabonge ya udongo, kitapasuka chini ya mstari saa kadhaa baada ya wewe kwenda nyumbani. Vijiti vya 7018 vilivyokaa wazi vinataka kuokwa tena kwa nyuzi 300 hadi 350 kwa saa moja au mbili. Kuvianika juani hakutoshi. Vya kugumisha fuata joto la kwenye boksi. Asiye na oveni anunue kwa idadi ya kazi aliyonayo, na vinavyobaki avifunge kwenye bomba la plastiki lenye mfuniko wa kukaza.

Habari ya diski na springi nayo isipite hivi hivi. Diski za plau na haro, na ncha nyingi za kiwandani, ni chuma cha kaboni nyingi au chenye boroni kilichopikwa kikakaa sawa. Ukikigusa kwa moto wa kuchomelea kikiwa baridi, kando ya mstari kinakuwa chepesi kuvunjika kama kioo. Kipashe kwanza, nyuzi 150 hadi 250. Kipimo cha bei rahisi ni tone la maji: likitua na kuchemka taratibu, chuma bado, likikimbia huku na huku kama shanga, umepita nyuzi 190 hivi na unaweza kuanza. Ukimaliza kizike kwenye majivu makavu kipoe polepole. Usikimwagie maji hata kama mteja amesimama na bodaboda inamsubiri.

Kinapopoa, kijiti cha kabila la 10 hulia tik, tik, na nyufa nyembamba hutokea kukatiza mstari. Mteja huogopa, wapo wanaodai pesa zao. Nyufa hizo ni za kawaida, ndiyo namna chuma hiki kinavyojifungua mkazo. Ubaya ni ufa unaokwenda sambamba na mstari au unaoingia mpaka kwenye chuma cha chini. Huo ndio unaobandua.

Namna ya kupanga mistari ina maana kama kijiti chenyewe. Kwenye kichanga, pitisha mistari ikikatiza njia ya udongo, ikiachana kidogo. Mchanga utajaa katikati na kutulia, na ule unaofuata utasugua mchanga mwenzake badala ya chuma. Kwenye mawe, mistari ielekee upande udongo unakopita, mawe yateleze juu yake. Palipochanganyika, changanya iwe kama nyavu. Na kwenye makali gumisha upande mmoja tu. Upande laini utalika mbele ya ule mgumu, na makali yatajinoa yenyewe shambani. Ukigumisha pande zote mbili unapata ncha butu isiyolika wala isiyoingia ardhini, na trekta inakunywa dizeli kwa kuisukuma.

Ukitaka kujua kama boksi ulilouziwa ni kweli, toa vijiti viwili tu. Chomelea tabaka mbili juu ya kipande cha chakavu, acha vipoe, kisha pitisha tupa. Tupa iteleze kama juu ya chupa. Halafu gusa kwa grenda: chuma cha kawaida hutoa cheche ndefu zenye mwanga, kromiamu nyingi hutoa chache, fupi, nyekundu. Kama tupa inang'ata na cheche ni ndefu, rudi dukani na kipande mkononi.

Nasisitiza moshi, na hapa naomba mafundi wenzangu wanisikilize. Moshi wa kuchomelea uliwekwa mwaka 2017 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wa kijiti cha kromiamu una kromiamu ya aina mbaya ndani yake, na wa manganizi unaharibu mishipa ya fahamu. Wengi wetu tunachomelea ndani ya makontena kwa sababu ya jua na wezi. Kazi ya kugumisha itoke nje. Simama upepo ukupige ubavuni uupeleke moshi mbali na uso, na vaa barakoa ya chujio chini ya kioo. Kitambaa hakizuii kitu.

Ipo pia zana isiyostahili kijiti chochote. Diski ya haro iliyopungua mpaka haifiki ardhini sawa na wenzake, au ncha iliyolika hadi kwenye tundu la bolti, inunuliwe mpya au ikatiwe kipande cha springi ya lori, kikapashwa na kuchomelewa kwa 7018. Kugumisha ni kwa chuma ambacho bado kina mwili, na wakati mzuri ni kikiwa kipya kabisa, kabla hakijaingia shambani hata siku moja.

Zile ncha sita za mzee nilizijaza upya bila kumtoza. Mbili nilizipitisha kijiti cha kabila la 10 tabaka mbili, mbili cha kabila la 6, na mbili nikaziacha na 7018 peke yake. Nikapaka kila jozi rangi yake juu kwenye shina, zifungwe kwenye ripa moja, zilime udongo mmoja siku moja, na mzee akaandika eka kwenye daftari lake. Alirudi mwishoni mwa masika. Jozi ya 7018 alikuwa ameitoa siku ya tatu. Ya kabila la 6 ilikuwa imebaki nusu. Ya kabila la 10, moja ilikuwa na makali yake karibu yote. Ya pili ilimeguka pembeni kwa upana wa vidole viwili, na alinionyesha mahali penyewe kwenye daftari: kona ya chini ya shamba, karibu na kisiki cha mkorosho wa zamani.

"Kisiki nitakichimbua," akasema. "Zote sita nifanyie za rangi nyekundu."

Nyekundu ilikuwa kabila la 10.